Afrika Mashariki ilipokuwa taifa moja la kriketi

Tarehe 7 Juni 1975, timu iliyotambulishwa kwa jina la Afrika Mashariki iliingia uwanja wa Edgbaston mjini Birmingham kucheza na New Zealand. Lilikuwa Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume. Wanawake walikuwa wameshawatangulia kwa miaka miwili. Timu zilikuwa nane. England, Australia, West Indies, India, Pakistan na New Zealand ndizo zilizokuwa zikihesabiwa wakubwa. Sri Lanka ilikuwa bado inabisha hodi. Ya nane ni sisi: wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakiongozwa na nahodha Harilal Shah.

Siku ile Glenn Turner wa New Zealand alipiga mikimbio 171 peke yake bila kutolewa. Timu yetu nzima, ikiwa na ova 60 za kujibu, ova moja ikiwa mipira sita, iliishia 128. Siku nne baadaye mjini Leeds ilipata 120 dhidi ya India, na wapigaji wawili wa kwanza wa India wakaivuka idadi hiyo bila kupoteza wiketi hata moja, yaani bila mpigaji yeyote kutolewa. Huo ndio ulikuwa ushindi wa kwanza wa India katika Kombe la Dunia. Katika mechi ya mwisho, mbele ya wenyeji England, tulimalizwa kwa 94.

Wapo wanaoyasoma matokeo hayo wakafunga kitabu. Mimi navutiwa zaidi na ile timu yenyewe. Wengi wa wachezaji walikuwa watu wa asili ya Bara Hindi, waliokulia katika klabu za jumuiya zao Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Pamoja nao alikuwamo John Nagenda wa Uganda, mwandishi ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa mshauri mwandamizi wa Rais Museveni, na Mganda mwenzake Sam Walusimbi. Alikuwamo pia Don Pringle, Mwingereza aliyekuwa akiishi Kenya, ambaye alifariki katika ajali ya gari mwaka huohuo; mwanawe Derek, mzaliwa wa Nairobi, alikuja kuichezea England. Uganda ilikuwa imewafukuza Waasia miaka mitatu tu kabla, na klabu nyingi za Kampala na Jinja zilikuwa zimebaki tupu. Hata hivyo timu iliundwa, ikasafiri, ikacheza.

Na haikuwa timu ya nchi yoyote inayojulikana. Hapakuwa na taifa liitwalo Afrika Mashariki lenye bendera mbele ya jengo la Umoja wa Mataifa. Ile Jumuiya ya Kenya, Uganda na Tanzania ilivunjika mwaka 1977, na Zambia haikuwa hata mwanachama wake. Lakini katika daftari la kriketi ya dunia Afrika Mashariki iliandikwa kuwa mwanachama mwaka 1966, na ingawa Kenya ilijitenga mwaka 1981, jina hilo lilibaki humo hadi 1989, wakati Jumuiya imeshakufa na mali zake zimeshagawanywa. Kriketi ilitushikilia pamoja baada ya wanasiasa kuachana.

Nalieleza hili kwanza kwa sababu swali la nchi zipi zinacheza kriketi ya kimataifa hujibiwa mara nyingi kwa pupa. Utaambiwa ni Waingereza na makoloni yao ya zamani, basi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila linaficha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kriketi ina mataifa yake yenyewe, yasiyolingana na ramani ya shuleni. La pili ni kwamba kucheza ni jambo moja na kuruhusiwa kucheza na wakubwa ni jambo jingine kabisa, na sisi wa upande huu wa Afrika tumeuonja uchungu wa tofauti hiyo kuliko watu wengi.

Mataifa yasiyo kwenye ramani

West Indies si nchi. Ni muungano wa nchi na visiwa zaidi ya kumi vya Karibi, pamoja na Guyana iliyo bara Amerika ya Kusini. Usain Bolt alikimbia akiwa Mjamaika. Chris Gayle, Mjamaika mwenzake, alipoingia uwanjani kupiga mpira alikuwa mtu wa West Indies. Timu hiyo ndiyo iliyotwaa Kombe la Dunia la 1975 na la 1979. England nayo hubeba Wales ndani yake, ilhali Uskoti ina timu yake. Ireland huleta wachezaji wa kisiwa kizima, wa Jamhuri na wa Kaskazini, wakicheza bega kwa bega hata katika miaka ambayo mabomu yalikuwa yakilipuka Belfast.

Mpangilio huu utapata mtihani mwaka 2028 mjini Los Angeles, kriketi itakaporudi kwenye Olimpiki baada ya kukosekana tangu Paris 1900. Kamati ya Olimpiki haiitambui West Indies. Inaitambua Jamaica, inaitambua Barbados, inaitambua Trinidad na Tobago. Tayari mwaka 2022, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham, wanawake wa Barbados walilazimika kucheza kwa jina la kisiwa chao peke yao. Kwa Los Angeles zimetengwa nafasi sita tu kwa wanaume na sita kwa wanawake, na mabingwa wa kwanza wa dunia hawataruhusiwa kufika wakiwa vile walivyo.

Chanzo cha utaratibu huu ni mwaka 1909, pale England, Australia na Afrika Kusini zilipokutana Lord's, London, na kuunda chombo cha kusimamia mchezo. Sharti la uanachama lilikuwa kuwa ndani ya himaya ya Uingereza. Kwa hiyo Marekani, ambayo ilicheza na Canada mjini New York mwaka 1844, mechi inayotambuliwa kuwa ya kwanza ya kimataifa katika kriketi, iliachwa nje. Ilicheza miaka 33 kabla ya ile mechi ya Melbourne ya 1877 ambayo Australia iliifunga England kwa mikimbio 45 na ambayo vitabu huihesabu kuwa testi ya kwanza, yaani mechi ya kwanza ya ngazi ya juu kabisa. Haikusaidia kitu. Mlango wa uanachama ulifunguliwa kwa walio nje ya Jumuiya ya Madola mwaka 1965 tu, na kufikia hapo Wamarekani walikuwa wameshahamia mchezo mwingine wa gongo.

Afrika Kusini ilikaa kwenye meza hiyo tangu siku ya kwanza, na kwa zaidi ya miaka themanini timu yake ilikuwa ya Wazungu watupu. Ilikuwa ikicheza na England, Australia na New Zealand peke yake. Haikuwahi kukubali kukutana na India, Pakistan wala West Indies, na wale watatu iliocheza nao waliliona hilo kuwa jambo la kawaida. Basil D'Oliveira, mtoto wa Cape Town aliyezuiwa na rangi yake kuichezea nchi yake, alihamia Uingereza akaichezea England. Mwaka 1968 alipoteuliwa kwenda kucheza Afrika Kusini, serikali ya Waziri Mkuu Vorster ilimkataa na ziara ikafutwa. Kuanzia 1970 Afrika Kusini ikatengwa hadi Novemba 1991, iliporudi kwa mechi dhidi ya India mjini Kolkata. Nataja haya kwa sababu mwezi Juni 2025, Lord's hapohapo ambapo chombo kile kiliundwa, Afrika Kusini iliifunga Australia na kutwaa ubingwa wa dunia wa testi, na nahodha alikuwa Temba Bavuma, kijana wa mtaa wa Langa, Mwafrika mweusi wa kwanza kuiongoza timu hiyo. Safari ndefu ya kriketi ya bara hili imo ndani ya siku hiyo moja.

Leo wanachama kamili wa chombo hicho, ambacho sasa ni Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, lenye makao yake Dubai, ni 12. Wale watatu wa mwanzo waliongezewa West Indies, New Zealand na India mwaka 1926, Pakistan mwaka 1952, Sri Lanka 1981, Zimbabwe 1992, Bangladesh 2000, kisha Ireland na Afghanistan kwa pamoja mwaka 2017. Hao ndio pekee wanaoruhusiwa kucheza testi, mechi ya siku tano inayohesabiwa kuwa kilele cha mchezo kwa wanaume. Chini yao wapo wanachama washiriki. Julai 2025 Zambia, iliyokuwa imeondolewa, ilirudishwa, Timor ya Mashariki ikaingizwa, na jumla ya wanachama wote ikafika 110.

Ngazi ya katikati ni mechi ya siku moja, ova 50 kila upande. Wenye hadhi ya kuzicheza rasmi ni wale 12 na washiriki wanane wanaobadilika kulingana na matokeo. Kwa upande wa wanaume sasa ni Uskoti, Uholanzi, Namibia, Nepal, Oman, Falme za Kiarabu, Marekani na Canada. Ngazi ya chini ni T20, ova 20, mchezo wa saa tatu. Hapo ndipo mapinduzi yalipotokea: kuanzia Julai 2018 kwa wanawake na Januari 2019 kwa wanaume, kila mechi ya T20 kati ya wanachama wowote wawili wa ICC inaandikwa kuwa mechi ya kimataifa.

Wapo waliolia kwamba kumbukumbu za mchezo zimeharibiwa. Juni 2019 mjini Kigali timu ya wanawake ya Mali ilimalizwa na Rwanda kwa mikimbio 6, na siku chache baadaye katika mashindano hayohayo Uganda iliwapigia mikimbio 314 ikawatoa kwa 10. Novemba 2024 mjini Lagos wanaume wa Ivory Coast walipata 7 dhidi ya Nigeria. Takwimu hizo zinaumiza kuzisoma. Lakini wasichana wa Mali walisafiri kutoka upande wa pili wa bara kwenda kucheza mchezo ambao kwao hauna mizizi, na siku zote njia ya kujifunza imepitia kufungwa. Mwaka 1955 New Zealand, iliyokuwa mwanachama kamili kwa karibu miaka thelathini, ilimalizwa na England kwa 26 katika testi, na hakuna aliyependekeza iondolewe.

Kenya, hatua moja kabla ya kilele

Msomaji aliyezaliwa baada ya 2000 huenda hajui kwamba kulikuwa na wakati ambapo Kenya iliogopwa katika kriketi. Tarehe 29 Februari 1996 mjini Pune, India, Kenya ilipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies. Hakuna aliyedhani ingetosha. Rajab Ali akamtoa Brian Lara, mpigaji hatari kuliko wote duniani wakati ule, akiwa na 8. Nahodha Maurice Odumbe akachukua wiketi tatu kwa mikimbio 15. West Indies, mabingwa wa zamani, walimalizwa kwa 93.

Haikuwa bahati ya siku moja. Mwaka 1998 Kenya iliifunga India nyumbani kwake Gwalior. Nairobi yenyewe ikawa mji wa kriketi: pale Gymkhana, Oktoba 1996, Shahid Afridi wa Pakistan alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, rekodi ya mechi za siku moja iliyodumu zaidi ya miaka 17. Mwaka 2000 wakubwa wote wa dunia walikusanyika Nairobi kugombea kombe lililochukuliwa na New Zealand.

Kisha ukaja mwaka 2003. Kombe la Dunia lilikuwa likichezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, na Kenya ikapewa pointi za bure. Wanaopenda kuidharau safari ile huanzia hapo na kuishia hapo. Waongeze basi kwamba tarehe 24 Februari, Nairobi, Collins Obuya, mrushaji wa mipira ya kuzungusha aliyekuwa na umri wa miaka 21, alichukua wiketi tano kwa mikimbio 24 na Sri Lanka, mabingwa wa 1996, wakafungwa kwa mikimbio 53. Waongeze kwamba Kenya iliifunga Bangladesh, na baadaye ikaifunga Zimbabwe kwa wiketi saba. Zote tatu zilikuwa nchi za testi. Chini ya nahodha Steve Tikolo, Kenya ikawa timu ya kwanza isiyo ya testi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na hadi leo hakuna mwanachama mshiriki mwingine aliyefika hapo katika mechi za ova 50. India ikawatoa Durban, Sourav Ganguly akipiga 111.

Viongozi wa kriketi wa Kenya walikuwa wakiitaka hadhi ya testi. Bangladesh ilikuwa imeipata mwaka 2000, ingawa katika miaka iliyotangulia Kenya ndiyo iliyokuwa ikiifunga mara nyingi katika mechi za siku moja. Bangladesh ilikuwa na watu zaidi ya milioni mia moja wanaoukeshea mchezo huo, na soko la matangazo la kufanana nao. Kenya ilikuwa na klabu chache za Nairobi na Mombasa. Siwezi kusema Bangladesh haikustahili. Nasema Kenya ilikuwa kama mgeni aliyealikwa arusini, akafika na zawadi yake, kisha akaambiwa ukumbi umejaa.

Kilichofuata ndani ya nyumba yetu wenyewe kilikuwa kibaya zaidi. Wakubwa hawakuja kucheza, mechi za maana zikawa adimu. Wachezaji waligoma wakidai malipo. Agosti 2004 Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kupokea fedha kutoka kwa watu wa kamari. Chama kilivunjwa, kikaundwa kingine, na ugomvi ukahamia huko. Mwaka 2011 Kenya ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya mwisho, ikafungwa mechi zake zote, ingawa Obuya yuleyule, ambaye sasa alikuwa mpigaji, alisimama dhidi ya Australia mjini Bangalore hadi ova zikaisha akiwa na 98, akikosa mikimbio miwili kufikisha mia. Mwaka 2014 hadhi ya mechi za siku moja ikapotea.

Nikiitazama timu ile, naona majina yanayojirudia: kina Tikolo, kina Odumbe, kina Obuya, kina Suji, na baadaye kina Ngoche. Kaka na mdogo wake, na mwingine tena, wote timu ya taifa. Tuliifurahia sana habari hiyo ya ndugu. Leo naiona kuwa ilikuwa dalili ya hatari, kwamba timu ya taifa ilikuwa inatoka katika nyumba chache, kwenye mitaa michache iliyo karibu na uwanja. Nyumba hizo zilipochoka, hapakuwa na mtu nyuma yao.

Kampala, Kigali, Dar

Uganda ilikwenda polepole, na nadhani ndiyo sababu imefika. Kule kriketi ilishuka hadi shuleni, Busoga College Mwiri, King's College Budo, Jinja, kwenye mashindano ya kila mwaka ambayo yamezalisha vizazi vya wachezaji. Novemba 2023 mjini Windhoek, Uganda iliifunga Zimbabwe, nchi ya testi, na siku chache baadaye ikaifunga Rwanda na kufuzu Kombe la Dunia la T20 la 2024. Zimbabwe ikabaki nyumbani.

Huko Karibi mambo yalikuwa magumu. Afghanistan iliwamaliza kwa 58, West Indies kwa 39, New Zealand kwa 40. Katikati yake kulikuwa na mechi ya Papua New Guinea. Wapinzani walimalizwa kwa 77, na Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova zake nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Nsubuga alianza kucheza ng'ambo mwaka 1997 akiwa na miaka 16, wakati Uganda ilikuwa bado ndani ya timu ya pamoja ya Afrika Mashariki na Kati. Alisubiri miaka 27. Uganda ilihangaika, ikapoteza wiketi saba, Riazat Ali Shah akisimama imara na mikimbio 33, na mwisho ikafika 78. Nahodha Brian Masaba na wenzake walicheza na kuimba uwanjani kana kwamba wametwaa kombe, na hakuna aliye na haki ya kuwaambia hawakutwaa.

Rwanda haikuwa koloni la Uingereza, na hapo ndipo hoja ya kwamba kriketi ni ya makoloni tu inapoanza kuyumba. Mchezo uliingia baada ya 1994, ukiletwa na Wanyarwanda waliorudi kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, walikokulia ukimbizini. Chama chao kiliundwa 1999. Uwanja wao wa mwanzo ulikuwa Kicukiro, katika eneo la shule ya ufundi ambako maelfu waliachwa bila ulinzi wakati wa mauaji ya kimbari. Mwaka 2016 nahodha Eric Dusingizimana alisimama akapiga mipira kwa saa 51 mfululizo ili kukusanya fedha za uwanja mpya, na Oktoba 2017 uwanja wa Gahanga ukafunguliwa nje kidogo ya Kigali, paa zake za matao zikiwa zimejengwa kwa vigae vya udongo wa hapohapo. Kila Juni hufanyika huko mashindano ya wanawake yaitwayo Kwibuka, kuwakumbuka waliouawa. Na Januari 2023, kwenye Kombe la kwanza la Dunia la wasichana chini ya miaka 19 nchini Afrika Kusini, Rwanda iliifunga Zimbabwe, kisha ikaifunga West Indies.

Tanzania huzungumzwa kidogo mno, hata na Watanzania wenyewe. Wanawake wake walichukua kombe la Kwibuka mwaka 2022, na Fatuma Kibasu amepiga zaidi ya mikimbio 100 katika mechi moja ya kimataifa ya T20 zaidi ya mara moja, jambo ambalo wachezaji wengi wa nchi kubwa hawajawahi kulifanya. Magazeti yetu yana kurasa za kutosha kwa usajili wa Simba na Yanga. Robo ukurasa kwa Kibasu haingepunguza kitu.

Ukivuka bahari hadi Oman, ambako Kiswahili bado kinasemwa majumbani mwa waliorudi kutoka Zanzibar, utakuta njia nyingine kabisa. Kriketi ya huko ililelewa na mfanyabiashara Kanaksi Khimji, na timu ya taifa imejaa watu wa asili ya India na Pakistan waliohamia kikazi na kutimiza miaka ya ukaazi inayotakiwa. Mwaka 2016 Oman iliifunga Ireland katika Kombe la Dunia la T20. Mwaka 2021 uwanja wake wa Al Amerat ukawa mmoja wa viwanja vya kombe hilo. Naiheshimu kazi hiyo. Ningefurahi zaidi kuwaona vijana waliozaliwa Muscat na Sur wakijaza nafasi, kwa sababu makosa ya Kenya ya kutegemea watu wachache yanaweza kurudiwa hata penye fedha nyingi.

Na fedha zenyewe? Katika mgawo wa mapato ya ICC wa 2024 hadi 2027, kwa hesabu zilizoripotiwa, India peke yake inachukua takriban asilimia 38.5, kwa hoja kwamba watazamaji wake ndio wanaoleta sehemu kubwa ya fedha za televisheni. Wanachama washiriki wote, zaidi ya 90, wanagawana takriban asilimia 11. Hadhi ya mwanachama kamili nayo inalindwa hata pale masharti yanapovunjwa. Afghanistan ilijifunza mchezo katika kambi za wakimbizi za Peshawar na ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024, na safari hiyo ni fahari ya kriketi nzima. Lakini tangu Taliban warudi mwaka 2021 haina timu ya wanawake. Wachezaji wake walikimbilia Australia, na Januari 2025 walikusanyika kucheza mechi Melbourne wakiwa wakimbizi. Baraza lililoiwekea Kenya na Uganda vipimo vya kila aina halijaigusa hadhi ya Afghanistan. Mimi siwezi kulinyamazia hilo kwa sababu tu wanaume wake wanacheza vizuri.

Mwaka 2027 Kombe la Dunia la ova 50 linarudi Afrika: Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, timu 14. Namibia ina watu wapatao milioni tatu. Oktoba 2025, siku uwanja wake mpya wa Windhoek ulipofunguliwa, iliifunga Afrika Kusini kwa mpira wa mwisho. Hata hivyo, kwa kuwa ni mwanachama mshiriki, uenyeji haukuipa nafasi ya moja kwa moja kama ulivyozipa Afrika Kusini na Zimbabwe, bali imetakiwa kufuzu.

Sisi tuko chini zaidi. Kenya, Uganda na Tanzania zote zimewekwa katika ligi ya daraja la tatu ya ova 50, ambayo mechi zake hazihesabiwi kuwa za kimataifa rasmi. Katika T20 dalili ni nzuri: kwenye mchujo wa Afrika uliochezwa Harare mwaka 2025, Tanzania na Kenya zilifika nusu fainali, zikatolewa na Namibia na Zimbabwe. Na kabla ya hapo, mwaka huohuo, vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walishinda mchujo wao Lagos na kwa mara ya kwanza kuipatia nchi nafasi katika Kombe la Dunia la umri huo, lililopangiwa Zimbabwe na Namibia mwanzoni mwa 2026, kwenye kundi moja na West Indies, Afghanistan na Afrika Kusini. Kijana wa miaka 18 aliyefuzu Lagos atakuwa na 20 wakati wakubwa wanacheza Windhoek na Johannesburg mwaka 2027. Kati ya tarehe hizo mbili anahitaji viwanja, makocha na mechi nyingi za ova 50 dhidi ya wenzake wa Nairobi, Entebbe na Kigali, na hizo zinaweza kuandaliwa na vyama vyetu wenyewe bila kusubiri ruhusa ya Dubai.